Kupeleka Kitabu cha Matambiko kwa Mchapishaji: Mwongozo kwa Mwandishi wa Uganda

Makumbusho ya Uganda yalipoanza pale Old Kampala mwaka 1908, Waganda waliyaita Ennyumba y'Amayembe, nyumba ya mayembe, kwa sababu ya pembe za uganga na vitu vya ibada vilivyopangwa ndani. Kila aliyepita mlangoni alijua vile vitu vilikuwa vya kazi gani. Ila vitabu juu yake viliandikwa zaidi na wageni. Mmisionari John Roscoe alipeleka Cambridge mabaki ya Kibuuka, lubaale (mungu) wa vita wa Waganda, na hayakurudi nyumbani hadi miaka ya 1960. Mwaka 2024 vitu vingine 39 vilirudi kutoka huko huko, tena kwa mkopo.

Nimeanza na hayo kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote utakayokuwa nayo mbele ya mhariri: wewe unalijua jambo hili kutoka ndani, na vitabu vya aina hiyo bado ni vichache. Lakini hoja hiyo haifanyi kazi mpaka useme waziwazi umesimama wapi. Wewe ni mganga? Mtoto wa nyumba yenye mizimu? Mtafiti? Muumini wa dini nyingine anayeandika mila za ukoo wake? Mapendekezo mengi ya vitabu niliyosaidia kuyasoma yalianguka hapo. Mhariri alimaliza kurasa mbili bila kujua anaongea na nani, akaweka pembeni.

Mimi nilikulia kambini, baba akiwa askari, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ninayoandikia. Bibi yangu mzaa baba alikuwa emmandwa huko Singo, Buganda, mtu anayepandwa na mizimu na kusema kwa niaba yao. Kitabu changu kilikuwa juu ya nyumba yake ya ibada. Ninayoyaeleza hapa nimeyapitia, mengine kwa hasara.

Hatua ya kwanza: chagua neno

Pendekezo langu la kwanza niliita "Uchawi wa Buganda". Nilidhani neno hilo litauza. Nyumba moja ya uchapishaji ilinijibu kwa mistari miwili: hatuchapishi mambo ya ushirikina. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaona kosa lilianzia kwangu. Bibi yangu hakuwa mchawi, na mimi mjukuu wake ndiye niliyemwita hivyo kwenye jalada.

Kiswahili kinatenganisha mambo haya vizuri kuliko Kiingereza. Mchawi huroga. Mganga huagua na kutibu. Kuna ramli, kuna zindiko la nyumba, kuna kupunga pepo, kuna kafara, kuna tambiko la ukoo. Mazingaombwe na kiinimacho ni michezo ya mbele ya watu. Luganda nayo ina omulogo kwa mchawi, omusawo w'ekinnansi kwa tabibu wa jadi, okulagula kwa kuagua, okusamira kwa ibada ya kupandisha mizimu. Bunyoro na Nkore utasikia embandwa, Acholi ajwaka anayeshughulika na jok (mizimu), Teso emuron, yaani mganga. Kila neno lina mlango wake, na anayeingia mlango usio wake hupotea.

Huko Ulaya na Marekani nako wana shida yao ya neno. Aleister Crowley, Mwingereza aliyeandika sana juu ya uganga, aliongeza herufi k mwishoni mwa "magic" ili ibada asizozifanyia mchezo zisichanganywe na michezo ya jukwaani. Ndiyo maana wachapishaji wa fani hiyo huandika "magick". Ukiwapelekea wao, ujue neno hilo lina historia yake, na ibada za lubaale hazikutoka humo. Usilivalishe tambiko la babu yako koti la mtu mwingine kwa kudhani ndivyo litakavyopokelewa.

Kwa hiyo kaa chini uandike sentensi moja: "Kitabu hiki ni cha ___, katika ___, kama ninavyokijua kwa sababu ___." Yangu ilikuja kuwa: "Kitabu hiki ni cha ibada za kupandisha mizimu katika nyumba moja ya Singo, kama ninavyozijua kwa sababu nililelewa likizo zote ndani yake na nimerudi miaka sita kuwasikiliza walioirithi." Sentensi hiyo ilinichukua siku nne. Kila kitu kilichofuata kilitoka humo: kichwa cha kitabu, orodha ya wachapishaji, hata bei niliyoitarajia.

Hatua ya pili: ruhusa, kabla ya ukurasa wowote kutoka nje

Hapa nitakaa sana, kwa kuwa ndipo vitabu vya namna hii hufia, wakati mwingine vikiwa vimekwisha kuchapwa.

Mwaka niliorudi Singo kwa kazi hii nilivua viatu mlangoni mwa essabo, nyumba ya ibada, kama inavyotakiwa, nikaketi kwenye nyasi zilizotandikwa, nikaweka simu mbele yangu ikirekodi. Bibi alikwisha fariki. Aliyeketi kwenye nafasi yake alikuwa mwanamke wa makamo ambaye sote tunamwita Jjajja, yaani Bibi, kwa heshima ya kiti hicho. Alijifunga olubugo, lile vazi la gome la mti wa mutuba lenye rangi ya udongo, na mbele yake kulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa kavu yenye maganda yake. Alinipa punje mbili nitafune. Kisha akaiangalia simu.

"Hiyo inasikia?"

"Ndiyo, Jjajja."

"Izime. Haya nakwambia wewe. Sijaiambia simu."

Nikazima. Tukaongea mpaka jua likainama, na kila nilipomuuliza jambo la ibada alitoa punje ya kahawa kikapuni na kuiweka chini. Mwanzoni sikuelewa. Mwishowe kulikuwa na mafungu matatu kwenye nyasi. La kwanza, akasema, liandike. La pili liandike, ila jina la mtu na la mahali usiweke. La tatu akalikusanya kiganjani akalirudisha kikapuni, akakifunika.

Tangu siku ile natumia mafungu hayo matatu kwa kila mwandishi anayeniomba msaada. Chukua daftari, pitia muswada wako wote, na kila wimbo, kila dawa, kila jina la mzimu, kila hatua ya ibada uiweke kwenye fungu mojawapo pamoja na mwenye jambo. Usiamue peke yako. Fungu la tatu litoke kwenye muswada kabisa, na lisibaki hata kwenye faili unalompa mhariri "kwa siri", kwani faili likishatumwa huna tena mamlaka nalo.

Ruhusa iwe ya maandishi pale inapowezekana. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ya mwenye ruhusa, ukisomwa kwa sauti kabla hajaweka sahihi au dole gumba, akiwepo shahidi kutoka ukoo wake. Useme ni kitabu, kitauzwa, kitasomwa na watu wasiojulikana, na kama kutakuwa na malipo yeye atapata nini. Picha zina ruhusa yake peke yake. Mtu aliyekubali kunukuliwa hajakubali uso wake ukae madukani. Na kama kazi yako inafanywa kama utafiti wa kitaaluma, kuna kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Wachapishaji wa vyuo watakiulizia.

Jjajja aliomba jambo moja zaidi: kitabu kikitoka, niende nikamsomee kwa Luganda, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Liandike na hilo. Ahadi kama hizo zitaingia kwenye mkataba baadaye.

Hatua ya tatu: jua sheria inasema nini

Mhariri atauliza, na mwanasheria wake atauliza zaidi. Sheria ya Uchawi ya Uganda ni ya mwaka 1957 na bado ipo. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo yenyewe, inapoeleza uchawi ni nini, inaacha nje ibada ya kweli ya mizimu na utengenezaji au uuzaji wa kweli wa dawa za asili. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba adhabu yake ya kumfukuza mtu kijijini kwake inapingana na Katiba. Katiba ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa kujieleza na wa kuabudu katika ibara ya 29, na haki ya utamaduni katika ibara ya 37. Matabibu wa jadi wana sheria yao ya mwaka 2019. Kafara ya binadamu ina sheria kali ya mwaka 2021, na haki kabisa iwe hivyo. Kama kitabu chako kinagusa habari hizo, sema mapema unazigusaje na kwa nini.

Weka aya moja tu ya sheria kwenye pendekezo. Inatosha kumwonyesha mhariri kwamba unajua ardhi unayoikanyaga.

Mambo mawili hayana mjadala. Usimtaje mtu aliye hai, wala familia yake, kuwa mchawi. Nchi hii watu wamechomewa nyumba na kuuawa kwa tuhuma hiyo, na kitabu hudumu kuliko uvumi. Pia usidai kwamba ibada au dawa fulani inaponya UKIMWI, saratani au kifafa. Unaweza kueleza watu wanaamini nini, wanafanya nini na wanasema wamepata nini. Ahadi ya tiba ikiwemo ndani, mchapishaji makini ataifuta au atakurudishia kazi yote.

Hatua ya nne: tafuta mlango unaofaa

Wachapishaji wanaoweza kupokea kitabu hiki wako katika makundi matatu, na kila kundi linataka kitabu tofauti.

Kundi la kwanza ni la nyumbani na majirani. Kampala kuna Fountain Publishers, iliyoanza mwaka 1988. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, tangu 1991. Nairobi kuna East African Educational Publishers na wengine. Wengi wa kanda hii huishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo kitabu chako kinapaswa kuonyesha kinaweza kutumika mahali fulani: masomo ya dini za asili vyuoni, historia, fasihi simulizi. Kama wewe ni mwanamke, pitia FEMRITE pale Kamwokya, jumuiya ya waandishi wanawake ya tangu katikati ya miaka ya 1990. Wana uzoefu wa miaka mingi wa kusoma kazi ya mwenzao kwa ukali wenye upendo, na msomaji wa namna hiyo ndiye utakayemhitaji kabla ya mhariri.

Kundi la pili ni la vyuo vikuu na wachapishaji wa kitaaluma. Pennsylvania State University Press ina mfululizo mzima wa historia ya uganga na uchawi. James Currey na Ohio University Press wamechapisha mengi juu ya Afrika Mashariki. Hawa watapeleka kazi yako kwa wasomaji wawili au zaidi wa fani hiyo kabla ya kuamua. Fedha ni kidogo, ila kitabu kinakaa maktabani miaka mingi.

Kundi la tatu ni la wachapishaji wa vitabu vya ibada na uganga huko nje. Llewellyn wa Minnesota walianza mwaka 1901. Kuna Weiser, kuna Inner Traditions wa Vermont, kuna Scarlet Imprint wa Uingereza wanaotengeneza vitabu vizuri sana kwa mkono wa fundi. Wengi wao hupokea pendekezo moja kwa moja kutoka kwa mwandishi bila wakala, jambo ambalo nyumba kubwa za New York na London kwa kawaida hazifanyi.

Nina neno la tahadhari juu ya kundi hili, na nalisema kwa uzito. Msomaji wao anataka kufanya. Anategemea mazoezi mwishoni mwa sura: washa mshumaa, sema maneno haya, andika ulichokiona. Mhariri anaweza kukuomba uigeuze ibada ya kupandisha mizimu kuwa zoezi la mtu mmoja sebuleni. Kwenye essabo mtu hapandishi peke yake. Kuna anayepiga ngoma, kuna anayejua nyimbo za mzimu yupi, kuna anayemuuliza aliyepandwa maswali, kuna anayejua namna ya kumrudisha. Nilipoombwa hivyo nilikataa, nikapendekeza badala yake sura ya namna mgeni anavyopaswa kuingia na kuketi katika nyumba ya ibada. Walikubali sura hiyo. Unaweza kukataa jambo moja na bado mkabaki mnaongea.

Kabla hujaweka jina la mchapishaji yeyote kwenye orodha, fungua katalogi yake utafute vitabu vitatu ambavyo chako kingekaa navyo rafu moja. Ukikosa hata kimoja, huyo si wako. Soma pia maelekezo yake kwa waandishi neno kwa neno. Akisema kurasa 30 za mfano, peleka 30.

Na mwenye mashine Nasser Road, mtaa wa wachapaji pale Kampala, ni mchapaji, si mchapishaji. Atakuchapia nakala 500 vizuri kabisa ukimlipa, na hilo ni jambo la heshima ukiamua kujichapishia. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata Maktaba ya Taifa. Ila anayejiita mchapishaji halafu anakutaka ulipe mamilioni ili "akukubali" ni wa kukimbia.

Hatua ya tano: andika pendekezo

Kitabu cha mambo ya kweli hakihitaji kuwa kimekamilika ndipo ukipeleke. Unapeleka pendekezo la kurasa 15 hadi 40 pamoja na sura moja au mbili za mfano. Ndani yake mhariri anategemea kukuta muhtasari, maelezo yako, wasomaji, vitabu vya jirani, mpango wa sura, namna utakavyosaidia kukiuza, na urefu na tarehe ya kukamilisha.

Muhtasari ndio roho yake. Linganisha mianzo hii miwili. Wa kwanza ulikuwa wangu wa zamani:

"Tangu enzi na enzi Waafrika wamekuwa na imani mbalimbali. Kitabu hiki kitachunguza imani hizo kwa kina."

Wa pili ndio uliopita:

"Katika nyumba ya ibada ya Singo, mgeni hapewi neno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna. Kitabu hiki kinafuata nyumba moja kwa mwaka mmoja wa ibada zake: nani anaketi wapi, nani anaimba, mzimu unapokuja unaulizwa nini, na watu wa leo, wakiwemo madereva wa bodaboda na mawakili, wanakuja kutafuta nini."

Wa kwanza ungeweza kuandikwa na yeyote, hata ambaye hajawahi kuvua viatu mlangoni.

Kwenye maelezo yako usijaze vyeti. Eleza umeingiaje, umekaa muda gani, unajua lugha gani, nani amekuruhusu. Kama wewe mwenyewe umewekwa wakfu kwenye ibada hizo, sema. Kama wewe ni Mwislamu au Mlokole na unaandika mila za ukoo wako, sema na hilo. Nimeona mhariri akimwamini zaidi mwandishi aliyesema "mimi siabudu hivi, ila hawa ni watu wangu" kuliko yule aliyejificha nyuma ya maneno ya kitaalamu.

Wasomaji wasiwe "kila mtu". Taja makundi: wanafunzi wa masomo ya dini, Waganda walioko Boston na London ambao watoto wao wanauliza maswali, wasafiri wanaopanda kilima cha Mubende kuuona mti wa Nakayima na kushuka bila kuelewa walichokiona. Kama unaandika kwa Kiswahili, eleza nafasi ya lugha: ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua ifundishwe shuleni kwa lazima. Shule zitahitaji vitu vya kusoma vinavyotoka hapa hapa.

Kwenye vitabu vya jirani usiseme kamwe kwamba hakuna kitabu kama chako. Mhariri atafikiri hujasoma. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alifundisha Makerere kwa miaka kumi, na kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika cha mwaka 1969 bado kinasomwa. Okot p'Bitek, mshairi wa Acholi, alimjibu kwa ukali yeye na wengine waliozivalisha dini zetu kanzu ya Kikristo. Ukijiweka ndani ya mabishano hayo, kwa aya mbili, umeonyesha kitabu chako kinaketi kwenye kikao kinachoendelea. Chagua vitabu vinne au vitano, viwili viwe vya miaka ya karibuni, na kwa kila kimoja useme kinafanya nini vizuri na chako kinaongeza nini.

Mpango wa sura uandike kwa vitendo. Kila sura aya moja yenye mtu, mahali na jambo linalotokea. Sura yangu ya nne niliieleza hivi: "Mwezi mpya. Ngoma inaletwa kutoka kwa jirani kwa sababu ya nyumba imepasuka, na kuna ubishi kama ngoma ya kuazima inafaa. Kupitia ubishi huo msomaji anajifunza ngoma ina kazi gani katika okusamira." Mhariri aliniandikia kwamba aliamua kuisoma kazi yote alipofika hapo.

Weka pia ukurasa mmoja wenye kichwa "Ruhusa na mipaka". Eleza yale mafungu matatu, useme nini hakimo kitabuni na kwa nini. Waandishi wengi huogopa kwamba hilo litapunguza mvuto. Kwangu ndilo lililomtuliza mwanasheria wao.

Hatua ya sita: barua

Barua pepe iwe fupi, isomeke kwenye simu bila kushuka mara tatu. Mfano:

"Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kukuomba usome pendekezo la kitabu changu juu ya mwaka mmoja wa ibada katika nyumba ya mizimu ya Singo, katikati ya Uganda. Bibi yangu alikuwa emmandwa wa nyumba hiyo. Nimeruhusiwa na walioirithi kuandika, na mipaka ya ruhusa hiyo nimeieleza kwenye pendekezo.

Kitabu kitakuwa na maneno 70,000. Sura tatu ziko tayari. Zilizobaki zitakamilika ndani ya miezi minane. Nimekuandikia wewe kwa sababu umechapisha vitabu viwili juu ya mila za Maziwa Makuu, na naamini chako cha tatu kinaweza kuwa hiki.

Nimeambatisha pendekezo na sura ya kwanza kama mnavyoelekeza. Nimewapelekea pia wachapishaji wengine wawili.

Wako,"

Chini weka jina kamili na namba ya simu yenye msimbo wa nchi. Tafuta jina la mhariri mwenyewe, na kama hulioni "Ndugu Mhariri" inatosha. Hiyo sentensi ya kutaja wachapishaji wengine ni ya uaminifu na haimuudhi mtu, isipokuwa yule ambaye maelekezo yake yanakataza kupeleka sehemu mbili kwa pamoja.

Kisha subiri. Miezi mitatu hadi sita ni kawaida, na kwa vyuo zaidi. Baada ya miezi mitatu andika mistari miwili ya kuulizia. Andika kwenye daftari umempelekea nani, lini, faili lipi. Wakikataa bila sababu, endelea na wa pili siku hiyo hiyo. Wakikataa kwa sababu, kaa nayo wiki moja kabla hujaamua kama wako sahihi.

Hatua ya saba: mkataba

Usitie sahihi siku unayoupokea, hata ukifurahi namna gani. Hakimiliki ibaki yako. Unachompa mchapishaji ni ruhusa ya kuchapisha, kwa lugha zilizotajwa, nchi zilizotajwa. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006 haki hiyo inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baadaye, kwa hiyo ni urithi wa wajukuu. Kama mkataba ni wa Kiingereza tu, zuia haki za Kiswahili na Luganda zibaki kwako. Kiwepo kifungu cha kukurudishia haki zote kitabu kikiacha kuuzwa.

Mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa, uangalie unahesabiwa juu ya nini. Kitabu cha shilingi 50,000 kwa asilimia 10 ya bei ya jalada kinakupa 5,000. Asilimia 10 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya fedha anayopokea mchapishaji, baada ya duka kuchukua asilimia 40, inakupa 3,000. Mchapishaji wa Marekani atakupa pia fomu ya kodi iitwayo W-8BEN. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo tarajia asilimia 30 kukatwa huko huko kwenye mrabaha wako.

Kisha vifungu viwili ambavyo waandishi wengine hawavihitaji na wewe unavihitaji. Kwanza jalada: andika kwamba picha na kichwa havitabadilishwa bila ridhaa yako. Mimi nililetewa rasimu yenye fuvu na mshumaa mwekundu. Nyumba ya bibi yangu haikuwahi kuwa na fuvu. Kwa kuwa kifungu kilikuwepo, liliondolewa, likawekwa olubugo na kikapu. Pili marekebisho: mhariri asirudishe kitabuni, kwa njia yoyote, kitu cha fungu la tatu, hata kama amekipata kwa mwandishi mwingine.

Halafu omba nakala za mwandishi za kutosha. Wao huwa wanatoa sita hadi kumi. Mimi niliomba 20, wakanipa 15, nikanunua zilizobaki kwa bei ya punguzo, kwani kila aliyeweka dole gumba kwenye karatasi yangu alipaswa kupata yake. Ya kwanza niliipeleka Singo. Nilivua viatu, nikaketi, Jjajja akanipa punje mbili, na nikaanza kumsomea kwa Luganda kutoka ukurasa wa kwanza. Alinisimamisha mara tatu kunirekebisha jina la wimbo, na hayo matatu nimeyapeleka kwa mchapishaji kwa ajili ya toleo la pili.